Kivuli cha Bembea Golini

Uwanja wa mtaa wetu una kazi nyingi kuliko ukubwa wake. Asubuhi ni njia ya mkato ya mbuzi wanaopelekwa mnadani. Mchana ni mahali pa kuanika. Jioni ni kiwanja cha mpira. Siku ya Idi watu huswali hapo, na mwezi wa kumi na mbili huja mahema ya mkutano wa injili, yenye spika zinazosikika hadi stendi.

Kwenye kona ya upande wa barabara, nyuma ya goli, kuna vitu vya watoto: bembea mbili za minyororo na bati la kuteleza. Bati hilo linatazama jua. Kuanzia saa nne asubuhi hakuna mtoto anayelikalia mara ya pili. Jirani yangu mmoja aliliangalia kwa muda, akaenda nyumbani, akarudi na vipande vya nyama ya kutengeneza nyirinyiri, ile nyama kavu inayohifadhiwa kwenye mafuta, akavipanga juu yake. Vilikauka kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyelalamika. Ilionekana kwamba bati hatimaye limepata kazi.

Binti yangu ana ualbino. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka saba. Jua la Isiolo, ambalo watu wengine hulilaumu ili wapate la kuzungumza, kwake ni safari ya kwenda zahanati. Anaenda shule na kofia pana, mikono mirefu na losheni, na akifika nyumbani anakaa ndani hadi jua lizame. Likizama, giza huingia upesi, na macho yake hayaoni vizuri gizani. Kati ya jua linalomchoma na giza linalomficha dunia, binti yangu alikuwa na muda wa kutosha kufika kwenye bembea, kukaa, na kuambiwa turudi nyumbani.

Kwa hiyo nilipoona nguzo ya taa ikisimamishwa kwenye kona ile, nyuma ya bembea, nilifurahi kimya kimya. Ilikuwa na taa nne kubwa, zile tunazoita mulika mwizi. Mkandarasi alizielekeza zote nne kwenye mpira. Mwanga ulipita juu ya bembea kama ndege anayepita juu ya kijiji asichokuwa na habari nacho. Hapo chini ya nguzo, kwenye vitu vya watoto, ndipo palipokuwa na giza kuliko mahali pengine popote mtaani.

Baraza la kugawa matumizi ya taa lilifanyika uwanjani, chini ya hema la kukodi, saa nane mchana, wakati ambao hakuna mtu aliyehitaji taa. Lilifunguliwa kwa dua, kisha kwa sala, kila moja ikijitahidi isiwe fupi kuliko mwenzake. Mimi nilikuwa katibu. Nilichaguliwa kwa sababu mimi husoma bei za mifugo redioni, na watu wa mtaa wetu huamini kwamba mtu anayeweza kutaja bei ya fahali bila kushtuka anaweza kuandika jambo lolote.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa Kiborana. Kwenye visima vya malishoni huwa kuna mtu wa kupanga zamu za kunywesha, na Waborana humwita abba herega. Mzee alifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, na mjini hakuambiwa aiache. Amewahi kupanga zamu ya bomba la maji, zamu ya kinyozi siku ya mkesha wa Idi, na katika harusi moja nilimwona akipanga zamu ya kunawa mikono.

Alisimama na fimbo yake. "Mbuzi hainywi pamoja na ngamia," alisema. "Ukichanganya, mbuzi inakanyagwa na ngamia inachukia maji. Watoto ni mchana. Vijana ni usiku. Nani iko na neno?"

Nahodha wa timu ya mtaa, ambaye pia ndiye golikipa, aliinuka. Ni kijana mrefu kutoka upande wa Meru, anauza miraa karibu na stendi. "Mzee, umemaliza," alisema. "Sisi mchana tuko kazini. Halafu Ramadhani ikifika, nani atakimbia na kiu saa kumi?" Yeye mwenyewe hafungi, lakini mabeki wake wote wanne hufunga, na alizungumza kwa uchungu wa mtu anayewategemea.

Watu wakapiga makofi. Niliandika: watoto mchana, vijana usiku. Kisha niliweka kalamu chini na kuinua mkono, jambo ambalo katibu hatarajiwi kulifanya.

"Mzee, na yule ambaye hana mchana?"

"Nani hana mchana? Mchana Mungu amepatia watu wote."

"Binti yangu."

Watu waligeuka kumtazama. Alikuwa ameketi nyuma yangu, katikati kabisa ya kivuli cha hema, akila njugu.

"Si umvalishe kofia?" aliuliza mama mmoja.

"Amevaa."

"Na mwavuli?"

"Bembea inataka mikono miwili."

Golikipa alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mathe, pole. Lakini mtoto saa moja jioni anafaa kuwa nyumbani. Hata kwetu Meru, hata kwa Waislamu, hiyo tunakubaliana." Vichwa vilitikisika kila upande wa hema. Lilikuwa jambo la kwanza siku hiyo kukubaliwa na wote bila kuombewa.

Mzee aliketi, akaweka kidevu juu ya fimbo. "Kisimani," alisema, "ndama asiyeweza jua tulikuwa tunamnywesha wapi?" Alikuwa akijiuliza mwenyewe, nasi tukangoja ajijibu. "Tulikuwa tunamwacha kwa boma. Tunampelekea maji na ndoo."

Sikupenda sana binti yangu awe ndama, lakini niliona tunaelekea pazuri.

"Hiyo taa ni ngapi?" aliuliza mzee.

"Nne," nilisema.

"Moja igeuzwe kwa bembea. Kutoka maghrib mpaka isha. Tatu zibaki kwa mpira."

"Mzee, moja kwa nne!" golikipa alilalamika. "Hiyo ni kama kuniambia nicheze bila mguu mmoja."

"Wewe ni golikipa," mzee alimwambia. "Unatumia mikono."

Hema zima lilicheka, na kwa desturi ya baraza letu, watu wakicheka jambo limepita.

Fundi wa umeme alikuja siku mbili tatu baadaye na ngazi fupi. Alipanda, akanyoosha mkono, akashuka. Alieleza kwamba taa ya juu haiwezi kuinama kiasi hicho. Ni lazima ing'olewe na kufungwa chini zaidi kwenye nguzo ileile. Chini kiasi gani? Fundi aliitazama ngazi yake. Chini kiasi cha ngazi. Kwa hiyo taa ya binti yangu ilifungwa kwenye kimo ambacho ngamia akinyoosha shingo angeweza kuinusa.

Nilimwomba fundi aiwashe tuone. Binti yangu alifunika macho kwa mikono yote miwili.

"Unataka ikae wapi?" fundi alimuuliza.

"Nyuma yangu," alisema. "Nataka kuona mbele, sitaki kuiona yenyewe."

Fundi alisema hilo ndilo jambo la maana zaidi aliloambiwa na mteja mwaka huo. Aligeuza vikalio vya bembea ili mtoto akikaa aipe taa mgongo na uso uelekee uwanjani. Jioni hiyo binti yangu alibembea hadi adhana ya isha. Alikuwa peke yake kwenye bembea mbili. Alibembea kidogo kwenye ya kwanza, akahamia ya pili, akarudi kwenye ya kwanza, kwa haki kabisa.

Mimi niliketi kwenye jiwe nikimtazama. Nilitazama mbele na nyuma, juu na chini. Sikutazama uwanjani. Hilo ndilo kosa ambalo sisi wote tulifanya siku ile: mimi, mzee na fundi.

Mpangilio, kwa asiyejua uwanja wetu, ni huu. Nguzo iko kwenye kona. Mbele ya nguzo kuna bembea. Mbele ya bembea kuna goli. Taa iliyoshushwa ndiyo iliyokuwa ikimulika goli hilo, na sasa mwanga wake ulifika golini baada ya kupita kwenye bembea, ukiwa umembeba binti yangu. Kivuli chake kilianza kwenye nyasi nyuma ya wavu, kikapanda nguzo za goli, kikanyooka hadi kwenye alama ya penalti, kikarudi. Miguu peke yake ilikuwa na urefu wa mtu mzima.

Siku ya mazoezi golikipa alisimama katikati ya hayo yote. Mpira ulipigwa kutoka kulia. Kitu kikubwa cheusi kikaja kutoka nyuma yake kikielekea kushoto. Alikirukia. Mpira uliingia taratibu upande wa pili.

Alikaa chini akatazama mikono yake. Kisha akatembea hadi kwenye jiwe langu, bado ana glovu.

"Mathe, salama?"

"Salama."

"Mimi hapa sidaki mpira. Nadaka mtoto wako."

"Pole sana."

"Anaweza kubembea polepole?"

Nilimwita binti yangu, nikamweleza. Alijaribu. Kivuli kilichoenda polepole kiligeuka kuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikaa golini muda mrefu. Golikipa alisema heri ule mwendo wa kwanza. Alirudi langoni, na kabla ya isha alikuwa amefungwa mara nyingi kiasi kwamba washambuliaji wake mwenyewe walianza kumwonea aibu.

Wiki hiyo mtaa uligawanyika. Wachezaji walisema taa irudishwe juu. Mama aliyeuliza habari za mwavuli sasa alikuwa upande wangu, nadhani kwa kuwa mwanawe mkubwa alikuwa mchezaji wa akiba na hakuwahi kupewa nafasi. Mzee alisema zamu ikishatolewa haifutwi kabla ya mwezi kuandama, na hakuna aliyejua kama hiyo ni sheria ya kisima au aliitunga papo hapo.

Mwezi haukuwa umeandama timu ya wageni ilipokuja kucheza mechi ya ligi, jioni ya Jumamosi. Kipindi cha kwanza sisi tulilinda goli la mbali. Binti yangu alibembea. Golikipa wa wageni, mtu mnene mwenye sifa nzuri, alisimama mbele ya bembea na kwa dakika kumi za kwanza alijitahidi. Baada ya hapo alianza kugeuka nyuma kila mara, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Tulimfunga matatu. La tatu aliruka upande mmoja, kivuli upande mwingine, na mpira ukapita katikati.

Mapumzikoni golikipa wetu alikimbia uwanja mzima hadi kwenye jiwe langu. Nilidhani anakuja kushukuru.

"Mathe," alisema akihema, "sasa ashuke."

"Kwa nini?"

"Sasa hili goli ni langu!"

Binti yangu alishuka. Tukashinda tatu bila. Wachezaji walimbeba mabegani, wakamzungusha uwanja, nami nikatembea nyuma yao nimeshika kofia yake, ambayo usiku huo haikuhitajika.

Kuanzia hapo hakuna mchezaji aliyetaka taa irudishwe juu. Golikipa alianza kuja kwetu siku moja kabla ya kila mechi ya nyumbani. Alipiga hodi kwa adabu, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akaulizia afya ya binti yangu mara ya pili.

"Kesho atakuja?"

"Ana kazi ya shule."

"Nyingi?"

"Hesabu."

"Hata kipindi kimoja tu, mathe. Beki wangu wa kushoto alisomea hesabu chuoni. Nimlete?"

Alimleta. Kazi ya shule ilifanywa vizuri. Siku ya pili binti yangu alibembea alipoambiwa na kushuka alipoambiwa. Mechi iliyofuata walimwekea mtu wa kumpa ishara kwa kitambaa: kikipepea, bembea kwa nguvu, kikikunjwa, tulia. Watu wa mtaa walimsalimu njiani kwa heshima ya mchezaji. Nami niliona ni jambo jema. Zamani walikuwa wakimtazama wasiseme neno, na sasa walikuwa wakimwita "fowadi".

Jioni moja nilikuwa nikimfunga viatu mlangoni, tayari kwa mechi. Alinitazama kwa makini, kama afanyavyo anapomtazama mtu kwa karibu.

"Mama, leo ni kazi ama ni kucheza?"

Nilimwambia ni kucheza. Alisubiri nimalize kufunga kamba.

"Nikicheza, naweza kushuka nikichoka?"

Nikafunga kiatu cha pili.

Mechi hiyo kipindi cha kwanza alibembea kwa kitambaa kama kawaida, na kwa dakika chache tu. Kisha alishuka. Alikaa mchangani, akaupa uwanja mgongo na taa ubavu, akaanza kuchimba shimo kwa kijiti. Kitambaa kilipepea. Kikapepea zaidi. Aliyekishika alikuja mbio.

"Fowadi! Vipi?"

"Nachimba."

"Unachimba nini?"

"Shimo."

Mapumzikoni golikipa alikuja mwenyewe, na pakiti ya biskuti. Binti yangu aliipokea, akasema asante, akala mbili, akaendelea kuchimba. Kipindi cha pili, golikipa wetu alipokuwa sasa mbele ya bembea, binti yangu alimaliza shimo, akapangusa mikono, akapanda bembea na kubembea kwa nguvu zake zote, hadi minyororo ikalegea kule juu. Tulifungwa mawili. Mechi iliisha sare.

Nilikwenda kwa mzee kesho yake, ili nimtangulie golikipa. Nilimkuta golikipa ameshafika.

"Mzee, tuko nafasi ya pili kwenye ligi," alikuwa akisema. "Ya pili! Ni mambo ya kuongea na mtoto tu."

"Mtoto ameshaongea," nilisema.

Mzee alinipa kiti. Nilieleza jambo la kazi na kucheza, neno kwa neno kama nilivyoulizwa, kwa sababu nimezoea kusoma taarifa bila kuongeza. Nilipomaliza, mzee alimgeukia golikipa.

"Wewe umewahi kuona ndama akivuta maji kisimani?"

"Mzee, mimi sijawahi kuona kisima. Kwetu kuna mito."

"Ndama havuti maji. Ndama anakunywa. Ukimpa kamba, huyo si ndama tena, ni mfanyakazi, na utamlipa."

Golikipa alifikiria. Nadhani alikuwa akifikiria kulipa. Kisha akasema jambo la busara kuliko yote aliyowahi kusema mbele yangu: ikiwa mtoto atabembea anapotaka yeye, basi kivuli kitakuwa cha kila timu, na yeye ndiye anayekaa golini kila Jumamosi, wageni huja mara moja tu. "Hiyo bembea itoke hapo," alisema. "Ipelekwe nyuma ya nguzo. Kivuli kiangukie barabarani, kidakwe na boda boda."

Jumapili baada ya ibada timu nzima ilikuja na majembe. Walichimbua miguu ya bembea, wakaibeba mzima mzima kama jeneza la mtu mkubwa, wakaizungusha nguzo. Mzee alipanga zamu ya kuchimba mashimo mapya. Beki aliyesomea hesabu alipima kwa hatua zake, akakosea, wakachimba tena. Bati la kuteleza walilihamisha pia, wakaligeuza kutoka kwenye jua, na jirani yangu wa nyirinyiri alisimama kando akitazama kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa lakini hana la kushtakia. Fundi alikuja na ngazi ileile fupi, akaigeuza taa. Mbele yake palikuwa na ukuta wa duka na kipande cha barabara.

Timu ilimaliza ligi ikiwa nafasi ya sita.

Bembea, kwa kuwa sasa zilikuwa karibu na duka na zina mwanga, zilianza kuonekana na watoto wengine wanaotumwa sukari na maziwa jioni. Mmoja alikaa kidogo na maziwa yake. Kesho yake walikuja watatu. Kina mama walisimama dukani kuwafokea kwamba saa moja mtoto anafaa kuwa nyumbani, kisha wakawafokea huku wamekaa kwenye mawe, na baadaye wakaja na vikapu vya kuchambua mboga. Binti yangu, aliyekuwa na bembea mbili, sasa alikuwa na nusu ya moja, kisha robo. Alikuja nyumbani akilalamika. Watu ni wengi. Wanasukumana. Kuna mmoja anahesabu hadi hamsini kwa kuruka namba.

Jioni moja, tukiwa tumemaliza kula, nilisikia hodi kali langoni. Nilitoka nikamkuta mama ambaye simfahamu vizuri, wa nyumba za nyuma ya mnada, ameshika mkono wa msichana wa rika la binti yangu. Msichana alikuwa analia na kunionyesha alama ya meno karibu na kiwiko.

"Salaam aleikum," alisema mama huyo, kwa sauti ya mtu anayemaliza salamu haraka ili aanze ugomvi.

"Aleikum salaam. Karibu."

"Sikaribii. Mtoto wako ameuma mtoto wangu. Kwa bembea. Nimemuuliza huyo wako, amesema yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Hata kama! Mtu akiwa wa kwanza anauma?"

Nilimwita binti yangu. Alikuja, akasimama mlangoni, akamtazama msichana yule kwa chuki ya kawaida kabisa.

"Ulimuuma?"

"Alipanda zamu yangu."

"Mwambie pole."

"Pole," alisema, kwa namna ambayo haikumridhisha mtu yeyote.

Yule mama aliendelea. Alisema watoto wa siku hizi hawana adabu, akasema na mimi nimemdekeza huyu wangu, akasema kesho akimuuma tena atakuja na baba yake. Nilimsikiliza hadi mwisho, nimeshika komeo la lango. Tangu binti yangu azaliwe, watu walikuwa wamekuja kwenye lango hilo kunipa pole, kunipa ushauri, kuniletea kofia za watoto wao wakubwa. Hakuna aliyewahi kuja kumshtaki.

"Ingia basi," nilimwambia. "Chai iko motoni. Maliza kunigombeza ukiwa umekaa."

Alisita. Kisha akaingia, na akamaliza.